Mtungi wa mwaka 1986: ubaki au uende?

Hoteli moja ya pwani ya kaskazini mwa Unguja ilipofunga kituo chake cha uzamiaji, vitu vya stoo viliuzwa kwa mafungu: mapezi, miwani ya kuzamia, mikanda ya uzito na mitungi ya hewa. Kijana mmoja wa Nungwi alichukua mtungi mmoja wa alumini kwa shilingi 180,000. Ulikuwa umepakwa rangi ya manjano, mbichi bado, vali yake ipo, na ndani una hewa. Geji ya shinikizo la hewa ilisoma bar 150. Muuzaji aliifanya hewa hiyo kuwa sifa. Umekaa stoo tangu watu wafunge, alisema, na haujavuja hata kidogo. Kijana akalipa.

Kazi yake ni kukwangua matumbo ya boti za kitalii zikiwa bado zinaelea, ili mwenye boti asilazimike kungoja bamvua na kuilaza mchangani. Cheti cha uzamiaji anacho na maji anayajua. Alichokosa ni mtungi wake mwenyewe. Alikuwa akikodi kwenye vituo, na msimu ukipamba moto, vituo vyote vikiwa na wageni wa kisiwa cha Mnemba, mtungi wa kukodi haupatikani kwa bei yoyote. Kwa hesabu yake zile 180,000 zilikuwa zimesharudi kabla kaskazi haijesha.

Aliuleta kwangu kwa sababu nimesimama muda mrefu kwenye kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa, na kwa sababu vituo viwili vilikwisha kukataa kuujaza. Hakuna aliyemweleza kisa. Kimoja kilimwambia "huu wa zamani" basi, kikamrudishia.

"Ami, hebu nambie kweli," alisema. "Wanaukataa mtungi au wananikataa mie?"

Alikuwa na haki ya kuudhika. Uzamani peke yake si kosa. Ipo mitungi ya chuma ya miaka ya 1960 ambayo inapita vipimo mpaka leo, kwa kuwa ilitunzwa na haikuingiwa na maji ya chumvi. Anayekataa mtungi kwa kuutazama sura hajaukagua, na anayeukubali kwa rangi yake ya manjano ndiyo kabisa.

Kilichoandikwa begani

Mtungi husomwa begani, pale chini kidogo ya vali, na hapa bega lote lilikuwa limefunikwa na rangi. Tuliitoa kwa thina, kitambaa na mswaki mkuukuu. Jirani alitushauri kostiki soda, ile ya kupikia sabuni ya mwani. Lakini kostiki huila alumini yenyewe, kwa hiyo ushauri tukaushukuru tukauacha.

Rangi nayo tuliichunguza kabla haijamalizika kutoka. Ilikuwa ya kupuliza kwa mkono, isiyopita motoni, na hiyo haina neno. Ingekuwa rangi ya unga, ile inayookwa kwenye tanuri, tungefunga mjadala hapo hapo. Alumini ya mitungi hupewa nguvu zake kiwandani kwa kupashwa moto kwa vipimo maalumu, na ikija kupata joto la zaidi ya nyuzi 177 za Selsiasi nguvu hizo huvunjika, huku mtungi kwa nje ukiwa vile vile. Ndiyo sababu mtungi ulionusurika na moto wa banda la makuti haununuliwi hata ukipewa kwa bei ya maji.

Chini ya rangi palitokea hivi: CTC/DOT-3AL3000, kisha namba ya mtungi, jina la kiwanda, halafu 5, alama ya mkaguzi, 86. Pembeni yake mihuri miwili ya baadaye, mmoja wa 1991 na mwingine wa 1998. Baada ya hapo bega ni tupu.

Alama hizi ni za Marekani na Kanada. 3AL ni daraja la mitungi ya alumini. 3000 ni shinikizo la kazi kwa paundi za inchi mraba, yaani kama bar 207. Tano na themanini na sita ni Mei 1986, mtungi ulipopimwa mara ya kwanza. Mihuri inayofuata ni ya majaribio ya maji, ambayo kwa kanuni ya kule hufanywa kila baada ya miaka 5. Mtungi hujazwa maji, ukatumbukizwa ndani ya pipa la maji, kisha ukashindiliwa mpaka theluthi tano za shinikizo la kazi. Kwa huu ni paundi 5000. Unapovimba husukuma maji ya pipa, na maji hayo hupimwa. Shinikizo likitolewa mtungi unatakiwa urudi ulivyokuwa. Uvimbe unaobaki ukizidi asilimia 10 ya uvimbe wote, mtungi umeshindwa. Hutumika maji na si hewa kwa sababu maji hayabanwi kama hewa: mtungi ukipasuka ukiwa na maji kishindo chake ni kidogo.

Kwa hiyo mtungi huu haukupimwa tangu 1998. Kijana aliona hapo ndipo penye ugomvi, nami nikamwambia hapana. Pengo la vipimo huzibwa kwa kupima. Kilichonisimamisha ni ule mwaka wa kwanza kabisa.

86

Mitungi mingi ya alumini iliyotoka viwandani tangu mwanzo wa miaka ya 1970 ilitengenezwa kwa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, inayoitwa 6351. Kiwanda cha Luxfer cha Marekani kiliiacha mwaka 1988 kikahamia aloi ya 6061. Cha Australia kikafuata 1990, na cha Uingereza 1995. Kiwanda kingine, Catalina, hakikuitumia kabisa 6351. Ndiyo maana mwaka mtupu hautoshi kukuambia kitu. Mtungi wa Catalina wa 1987 hauna shida hii, ilhali mtungi wa Luxfer wa Uingereza wa 1993, ulio mdogo kwa miaka sita, unayo. Unasoma mwaka, jina na nchi kwa pamoja. Kwa mtungi wetu, vitatu hivyo viliuweka upande wa 6351 bila ubishi.

Ubaya wa 6351 ni kwamba hufanya ufa polepole ikibebeshwa mzigo usiokoma. Ufa huanzia ndani, shingoni au begani, pale thredi za vali, ile mitaro ya kukazia, zilipokatwa, ukawa unakua kidogo kidogo muda wote mtungi ukiwa na shinikizo. Si lazima mtungi utumike ndipo ufa ukue. Kukaa umejaa kunatosha.

Sasa rudi kwenye ile sifa ya muuzaji. Mtungi ulikuwa stoo, umefungwa, una bar 150, tangu hoteli ifungwe. Kwa mtungi wa 6061 hiyo ni habari ya kawaida. Kwa huu, ile hewa iliyoonekana ni dalili ya uzima ilikuwa ndiyo mzigo wenyewe, umekaa pale usiku na mchana bila mtu kuutua. Nilipomweleza hivyo kijana alinyamaza, kisha akauliza swali zuri: mbona jaribio la maji la 1991 na la 1998 yote ulipita?

Ulipita kwa sababu jaribio la maji linauliza kitu kingine. Linapima kama ukuta wa mtungi unavimba na kurudi. Shingo ni nene, haivimbi kwa kiasi cha kuonekana kwenye pipa, na ufa mdogo ulio kwenye thredi unaweza kupita hapo bila kugunduliwa. Marekani, tangu 2007, mtungi wa 6351 ukipelekwa kupimwa lazima pia uingizwe shingoni kifaa cha umeme kinachozungushwa kwenye thredi. Mkondo wake hubadilika ukikutana na ufa ambao jicho halijauona. Sheria hiyo haina nguvu Unguja. Lakini aloi ya Nungwi ni ile ile ya huko.

Na niseme upande wa pili, maana haki ni haki. Si kila mtungi wa 6351 una ufa. Mingi mno ilifanya kazi mpaka ikastaafishwa bila kumdhuru mtu. Kwa hiyo swali halikuwa kama aloi ni mbaya kwa jumla. Lilikuwa ni shingo hii moja.

Ndani

Hewa tuliitoa taratibu sana, vali ikifunguliwa kidogo, karibu nusu saa. Ukiimwaga kwa haraka mtungi hupoa, ukatoa jasho ndani, na unyevu ndio tuliokuwa tunauogopa. Hatukuivuta pua wala kuijaribu. Hewa iliyokaa miaka ndani ya mtungi haina mtu anayejua ilitoka kompresa gani.

Vali ilitoka kwa ufunguo na mkono, bila nyundo. Nikashusha kitochi kidogo cha waya ndani. Palikuwa pasafi kuliko nilivyotaraji: ukuta wa kijivu, mkavu, na vidoa vyeupe vitatu karibu na kitako, ule unga wa alumini iliyoguswa na chumvi. Hakuna shimo, hakuna mafuta. Kitako kwa nje, baada ya kuvua buti la plastiki, kilikuwa na madoa lakini hakijaliwa. Watu wengi hawavui buti. Maji ya bahari hukaa humo wiki nzima, hivyo mtungi ukioza kwa nje huanzia huko, na chini ya mkanda wa chuma kama ulikuwa na mkanda.

Kisha thredi. Hapo hutumii macho makavu: unataka kioo cha daktari wa meno, mwanga kutoka ndani, na subira. Tulizungusha kioo mara moja tukaona thredi safi. Mara ya pili, upande uliotazama namba ya mtungi, tukaona mstari. Mwembamba, umekata thredi mbili za chini, halafu umepotea kwenye bega.

Mstari wa namna hiyo una maelezo mawili. Chombo cha kukatia thredi kiwandani kikifika mwisho na kurudishwa nyuma huacha mkwaruzo unaokata thredi, na mkwaruzo huo haudhuru kitu. Mara nyingi umenyooka. Ufa nao hupindapinda. Wetu ulikuwa umenyooka, isipokuwa mwishoni ulikuwa kama unataka kupinda, na ukigeuza tochi kidogo ule upindaji unapotea. Ukiwa ni ufa wa urefu wa thredi mbili, unatosha peke yake kuutoa mtungi kazini. Ukiwa ni mkwaruzo, si kitu.

Tulitazama kwa zamu. Kijana aliona mkwaruzo. Mimi niliona ufa. Yeye alikuwa ametoa pesa, mimi nilikuwa nafikiria kompresa, na nadhani kila mmoja aliona alichokuja nacho.

Anayesimama pembeni

Hapa ndipo hukumu yangu ilipo, na ndipo mazungumzo ya mitungi ya zamani yanapopotea kila mara. Mwenye mtungi huzungumza kana kwamba hatari ni yake: mimi ndiye ninayezama nao, acha nibebe mwenyewe. Sivyo. Mitungi ya aloi hii ikipasuka, kwa kawaida hupasuka wakati wa kujazwa, shinikizo likiwa linapanda kuelekea juu kabisa. Mzamiaji akiwa majini shinikizo linashuka kila pumzi. Aliyesimama na mkono wake juu ya vali, akisikiliza kompresa, ni kijana mwingine, wa mshahara mdogo, ambaye hakununua mtungi kwa bei nafuu wala hakuokoa hata senti.

Mtungi wa lita 11 ukiwa na bar 207 umebeba nguvu zinazotosha kuisukuma gari ya Noah ya tani moja na nusu kwa mwendo wa kilomita karibu 90 kwa saa. Zinatoka zote mara moja, ndani ya kibanda cha kompresa, na alumini iliyopasuka inaruka vipande.

Baba yake mdogo, ambaye alikuja kusikiliza, alikuwa na hoja ambayo huisikia kila mahali: umejazwa miaka yote hiyo na haujapasuka, mbona leo? Kwa kitu kinachoharibika kwa kutumika vibaya, hoja hiyo ina uzito. Kwa ufa unaokua kila siku ya kukaa umejaa, kila mara uliyojazwa salama ni historia ya ufa mdogo kuliko wa leo.

Kijana naye akaja na mpango. Nijazie nusu tu, ami. Bar mia. Kazi yangu ni mita tatu, sihitaji zaidi.

Mpango huo ulistahili kupigiwa hesabu. Mita 3 chini shinikizo ni bar 1.3. Mtu anayekwangua kwa nguvu anavuta kama lita 25 kwa dakika akiwa juu, kwa hiyo pale chini anakula lita 32 na nusu. Mtungi una lita 11.1. Ukiujaza bar 207 na kuacha akiba ya 50, una lita 1,743 za kutumia: dakika hamsini na kitu. Ukiujaza bar 100 na kuacha akiba ile ile, una lita 555: dakika 17. Nusu ya hewa imekuwa theluthi ya kazi, kwa sababu akiba haipungui. Dakika 17 hazimalizi upande mmoja wa boti ya abiria ishirini, na kila akitaka kuendelea atarudi kwenye kompresa, yaani atamsimamisha yule kijana wa vali mara tatu badala ya moja. Isitoshe, begani pameandikwa 3000. Siku akiuazimisha au akiuuza, anayefuata atasoma namba hiyo na kuijaza.

Ikabaki njia ya kujua kweli. Alipiga simu Dar. Mafundi wanaopima mitungi ya kuzimia moto walikubali kuufanyia jaribio la maji. Kifaa cha kusoma ufa shingoni hawakuwa nacho. Boti kwenda na kurudi kutoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, bodaboda za huko, gharama ya jaribio, siku mbili bila kazi. Na mwisho wake angerudi na muhuri mpya begani wenye jibu la swali ambalo hatukuuliza. Mbaya zaidi, muhuri huo ungemfanya mtu wa kompresa auamini mtungi. Huo ndio uliokuwa mwisho wa hesabu kwangu. Mtungi wa 6061 wenye mstari kama ule ningeupeleka Dar bila kusita. Mtungi wa 6351 bila kile kifaa, hapana.

Uliko sasa

Kabla hatujaumaliza alikuja mnunuzi. Mtu wa kutoka Pemba anayezamia majongoo ya bahari alisikia habari zake, akatoa 150,000 taslimu, bila kuuliza mwaka wala kiwanda. Hapo kijana angepoteza elfu thelathini tu. Nilimwambia fedha ni zake na mtungi ni wake, lakini huko nako kuna mtu anayesimama kwenye kompresa, na pengine ni mtoto wa mtu anayemjua. Alikaa na jambo hilo siku nzima. Kesho yake alikuja na drili.

Tulitoboa matundu mawili ubavuni, vali ikiwa imeshatolewa, na tukazikata thredi kwa msumeno ili asitokee fundi wa kuziba matundu. Marekani mtungi ulioshindwa hugongwa X mfululizo juu ya namba ya daraja. Sisi tuligonga na hizo pia, kwa patasi. Kilo 14 za alumini alizipeleka kwa wanunua vyuma chakavu. Muuzaji wa kwanza, baada ya maneno marefu mbele ya wazee wawili, alirudisha 60,000.

Miezi baadaye alinunua mwingine, wa 6061, una muhuri wa jaribio wa mwaka uliopita, kwa bei iliyozidi mara mbili ya ule wa kwanza. Alitaka kuufungia vali ya zamani, ambayo ilikuwa nzima baada ya kubadilishwa oringi, ule mpira wa kuzibia. Haikuingia, na ni bahati njema. Vali ile ni ya thredi ya robo tatu inchi, mtungi mpya ni wa Ulaya, wa thredi ya kipimo cha M25. Kinyume chake ndicho kinachoua: vali ya M25 ina kipenyo kilichopungua kwa zaidi ya milimita moja, huingia kwenye shingo ya robo tatu, hushika ncha za thredi, huonekana imekaza, halafu shinikizo likipanda huchomoka. Visiwani kwetu vifaa vinatoka Ulaya, Marekani na Afrika Kusini na kuchanganyika stoo moja, kwa hiyo ukubwa wa thredi unasomwa kwenye vali na kwenye shingo, vyote viwili, kabla ufunguo haujaguswa.

Vali ameiuzia fundi wa Kendwa mwenye mitungi ya robo tatu, na ukubwa wake ameuandika kwenye risiti.